Kazimili Aliyewagongea Ndege

Shemeji yangu Kazimili hakuzaliwa na sauti ya mtu. Alizaliwa na sauti ya lori la saruji linalopanda kilima cha Ngara mjini. Mkunga aliyempokea aliziba masikio mpaka Jumapili, na alipoyazibua, mtoto alikuwa bado analia kilio kile kile cha kwanza. Sikuwepo, lakini mimi nikisema nimesikia jambo, ujue lilitokea, au lilikuwa njiani linakuja.

Sauti hiyo ndiyo iliyomlisha utotoni. Enzi zetu kila shamba la mtama hapa Murusagamba lilikuwa na mtoto wa kuwinga ndege. Anapanda juu ya kichuguu na kombeo na makopo, anapiga kelele tangu kunapambazuka mpaka jua linazama. Watoto wengine walihitaji makopo. Kazimili alihitaji kufungua mdomo tu. Akipiga ukelele mmoja, shomoro wote wanahamia Burundi bila kupita mpakani Kabanga wala kuonyesha karatasi kwa mtu, na wenye mashamba wa ng'ambo wanakuja kulalamika kwa mwenyekiti wetu. Siku moja basi lilikwama matopeni kule barabarani, abiria wakasukuma wakachoka. Kazimili akawapigia ndege ukelele, na basi likatoka lenyewe.

Mtu huyo ndiye aliyemwoa mdogo wangu Leonsia, mwanamke asiyeweza kumfukuza hata nzi bila kumwomba radhi. Mimi nilipofiwa nilikuja kujenga jirani nao, uzio wa minyaa tu katikati, kwa hiyo maneno yote ya nyumba ile nayajua, na kuku wangu wanayajua. Kazimili akisema mezani, "Leonsia, chumvi!" watu wa kilima cha pili wanaleta chumvi.

Basi, kiangazi kimoja, si zamani, ndege walimwingilia kwenye mapapai yake. Kiangazi cha huku hakina utani. Vijito vinakauka, majani ya migomba yanajikunja kama sigara, na ukitaka maji uteremke kisimani bondeni, upande nayo kichwani huku magoti yanakusema. Mapapai ndiyo yalikuwa yanaiva. Kazimili akakaa chini ya mpapai siku nzima akipiga ukelele wake wa utotoni. Ndege wanaondoka, anakaa, wanarudi. Mwisho koo likamkauka, akaenda nyuma ya nyumba, akajimwagia maji ya kibuyu mdomoni na mengine yakamwagikia ndani ya muvure wa marehemu baba yake.

Jioni alikuja kwenye uzio kunieleza, kwa mnong'ono uliosikika mpaka zahanati.

"Shemeji, tetere alikuja karibu nami kama ulivyo wewe. Akanywa yale maji yaliyomwagika. Halafu akanitazama."

"Akakutazama vipi?"

"Akanitazama tu. Shemeji, hawa hawali mapapai kwa njaa. Ni kiu!"

Mdogo wangu amemtazama mtu yule tangu siku ya ndoa. Amemtazama huku mwenyewe anapanda na ndoo kutoka kisimani, amemtazama akiwa na mimba, amemtazama na homa. Hakuwahi kuwekewa hata kikombe. Tetere kamtazama mara moja, kapewa muvure mzima.

Kwa msomaji asiye wa huku, muvure ni gogo lililochongwa likawa kama mtumbwi. Ndimo tunamokanyagia ndizi mbivu pamoja na nyasi mpaka zitoe maji yake, tunatia unga wa mtama uliokaangwa, tunafunika kwa majani ya mgomba, na ikilala ikiamka inakuwa rubisi. Muvure wa Kazimili ulikuwa na heshima zake. Wazee ambao leo wako makaburini walilewea hapo. Ila tangu mnyauko uingie mashambani na kumaliza migomba ya pombe, ulikuwa umelala nyuma ya nyumba unafuga mijusi.

Na muvure una adabu yake. Pombe ikishakuwa tayari, hakuna mgeni anayegusa mrija mpaka mwenye nyumba agonge ukingo wa muvure kwa kibuyu: ko, ko, ko. Ndipo watu wanajua kuwa pombe hii ameifungua mwenyewe, kwa mkono wake na kwa moyo wake. Asiyegonga anakuwa amekupa mabaki.

Sasa Kazimili, kila asubuhi akishamimina maji, anachukua kibuyu cha baba yake: ko, ko, ko! Anawagongea ndege. Kama wakwe zake!

Usifikiri maji yale yalijileta. Siku ya kwanza alimwambia mkewe, "Leonsia, ndege hawana maji."

"Wana mabawa," akajibu mdogo wangu. "Na kisima hakina mlango."

Lilikuwa jibu lake la kwanza tangu aolewe, nami niliyekuwa nachambua maharage upande wa pili niliyamwaga yote kwa furaha. Kazimili ikabidi ateremke bondeni mwenyewe. Mwanaume mzima, mvi kichwani, ndoo juu ya mvi. Wanawake kisimani walimpisha kama wanavyompisha mgonjwa. Na Bigirimana, yule jirani yetu mwenye baiskeli na mdomo, hakumwacha apite.

"Shikamoo, mzee Kazimili! Leo mama hajambo?"

"Marahaba. Hajambo, yuko nyumbani."

"Mbona umechota wewe? Amejifungua?"

"Ni maji ya ndege!"

Hilo "ndege" lilisikika vilima vyote, na tangu siku hiyo watoto wakamwita Baba Ndege.

Nikadhani mvua zikianza ataacha. Ajabu ya mtu yule! Mvua zilipoanza, muvure ukajaa mpaka ukamwagika, na Kazimili akatoka na mwavuli, akakomba maji ya mvua yote, akasugua ukoko wa kijani kwa majani makavu, akamimina maji ya kisimani. Mvua ikamjazia tena. Akakomba tena. Nilisimama mlangoni kwangu nikasahau chungu jikoni.

Bigirimana akapita amejifunika turubai. "Mzee, shikamoo! Na samaki umewawekea?"

"Marahaba! Maji ya mvua yameosha paa, yana kinyesi chao wenyewe. Mtu akishanizoea mimi nimpe uchafu kwa sababu ni masika?"

Mtu! Alimwita tetere mtu.

Lazima niseme kweli inaponibana: ndege walikuja. Walikuja kiangazi, walikuja masika, wakaacha kabisa mapapai. Tetere, shomoro, chiriku, kunguru na ukunguru wao. Wengine walitoka Burundi, nilijua kwa sababu walikuwa wanapiga soga kwa Kirundi. Asubuhi walijipanga juu ya paa la Leonsia wakingoja kugongewa, na Kazimili akichelewa kuamka, tetere mmoja mnene alikuwa anashuka kugonga mlango. Unacheka? Huyo tetere mimi nilishawahi kumwambia mwenye nyumba hayupo, akaniambia atasubiri.

Ndipo likaja la Irakoze.

Irakoze ni mtoto wao wa mwisho, binti mwenye akili za mama yake na, Mungu ni mwema, sauti ya mama yake. Aliposwa na kijana wa Biharamulo anayeitwa Aron, fundi wa pikipiki, mpole, mwenye mafuta machafu kwenye kucha na macho yasiyomtoka Irakoze. Wazazi wa Aron walishakufa. Aliyemlea ni baba yake mdogo, Rwekaza, na Rwekaza ndiye angekuja kutoa mahari. Sifa zake zilifika kabla yake. Ilisemekana alishavunja posa moja kwa sababu alipewa kiti chenye mguu mfupi.

Leonsia akamwendea mumewe nyuma ya nyumba. "Baba Irakoze, nautaka muvure."

"Kiangazi kimeshika. Watakunywa wapi?"

"Wakwe nao watakunywa wapi?"

"Tununue pombe Ngara mjini. Ipo ya madumu."

Mdogo wangu alikaa chini. Pombe ya madumu kwenye mahari! Binti anayetolewa kwa pombe ya kununua huku kwetu ataambiwa mpaka uzeeni kwamba kwao hawakumkanyagia hata ndizi moja. Irakoze mwenyewe akatoka jikoni, akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, mimi siombi ng'ombe, siombi kabati. Nitolewe kwa muvure wa babu, kama dada zangu. Yule baba mdogo wake Aron anatafuta sababu. Usimpe."

Kazimili akautazama muvure, akalitazama paa, ndege wakamtazama. Akakubali kama mtu anayeng'olewa jino.

Tukatafuta ndizi za pombe kwa watu ambao mnyauko uliwasahau, Irakoze akausugua muvure kwa maji ya moto mpaka ukatoa harufu ya gogo jipya, tukakanyaga. Ndege wakawekewa sufuria mpya ya Leonsia. Waliitazama inavyong'aa, wakaona sura zao ndani, wakaogopa, na nawaelewa. Tangu tulipoanza kukanyaga mpaka wageni walipofika hawakunywa. Walikaa mitini kuzunguka nyumba, kimya, wananitazama mimi kana kwamba anayeoza binti ni mimi.

"Usigonge," Leonsia alimwambia mumewe asubuhi ya mahari. "Fungua tu majani, wape mirija. Nakuomba."

"Nina akili, Leonsia," akajibu, na mjini Ngara watu wakajua kwamba Kazimili ana akili.

Rwekaza alishuka kwenye gari amevaa suti na kofia ya pama iliyokaa kichwani kama mwenyekiti wa mkutano. Alikagua kiti chake, akakitikisa, akakalia nusu. Maneno yakaenda vizuri. Mahari ikakubaliwa. Ikabaki kunywa, kwa maana kwetu mkwe akinywa ndiyo amefunga makubaliano, na asiponywa hata aliyoyasema yote ni upepo. Irakoze alisimama mlangoni pa jikoni na sinia la mirija.

Kazimili akafunua majani ya mgomba. Harufu ya rubisi ikatoka, hata mimi nikasogea karibu. Akasema, kwa mnong'ono wake wa ngurumo, "Karibuni, wakwe zetu."

Rwekaza hakusogea. "Nyumba hii haigongi?"

Leonsia akakohoa. Mimi nikakohoa. Bigirimana, aliyealikwa kwa sababu asingealikwa angekuja tu, akakohoa kwa kutusaidia.

"Kwetu Biharamulo," akasema Rwekaza, "pombe isiyogongewa ni ya jana. Kuna watu walishakunywa kabla yetu?"

Kazimili akainamisha kidole kimoja, akagusa ukingo wa muvure, kama unavyomgusa mtoto aliyelala.

"Sikusikia," akasema Rwekaza.

Akagusa kwa kidole tena.

"Mkwe, mimi si mchwa kwamba nisikilize ndani ya mti. Gonga!"

Kazimili akachukua kibuyu cha baba yake, akafumba macho. Ko, ko, ko.

Kwanza akashuka yule tetere mnene, peke yake, akatua ukingoni akatazama watu kama mjumbe wa nyumba kumi. Kisha mbingu ikaanguka. Shomoro wa Murusagamba, chiriku wa Burundi, kunguru, na ndege ambao sijawaona tena mpaka leo, wenye mabawa ya nguo za sikukuu, wote na kiu yao waliyoiweka. Waliingia kwenye rubisi kwa vichwa, kwa vifua, kwa miguu. Walikunywa, wakaoga, wakanywa walichoogea. Chiriku mmoja akaanza wimbo wa kanisani, akakosea, akarudia. Kunguru akatua juu ya pama la Rwekaza, akala kiapo, na akaacha hapo kitu kilichoteremka taratibu mpaka kwenye tai.

Rwekaza akasimama. "Nilikuja kuoa kwa watu," akasema, "sio kwenye kiota. Aron, washa gari."

Aron alikuwa anatazama viatu vyake. Hakusogea, lakini hakuinua uso. Kijana aliyelelewa na mtu kama yule hujifunza viatu vizuri sana.

Nikaona niingie. Uongo si kazi ya kila mtu.

"Mkwe, kaa," nikasema. "Ninyi huko mmeacha mila. Hapa kwetu binti mwenye bahati, pombe yake huonjwa kwanza na ndege. Mama yangu alionjewa na korongo."

"Na wewe, bibi?"

"Mimi mbuni."

"Mbuni atoke wapi Murusagamba?"

"Ndiyo maana hakurudi."

Watu wakacheka, hata mdomo wa Rwekaza ulisogea pembeni kidogo kabla hajaurudisha. Akakaa robo ya kiti.

"Bibi nimekusikia. Sasa namwuliza mwenye nyumba, kwa sababu muvure ni wake na ndege wanaonekana ni wake. Mkwe, baba anayetoa binti hunywesha wageni wake. Wageni wako ni nani? Kama ni hawa, sisi tulikuwa tunapita. Kama ni sisi, waondoe."

Kazimili alinyamaza. Tangu nimfahamu sikuwahi kumsikia amenyamaza. Ilikuwa kama mto umesimama. Tetere mnene alikuwa ukingoni, ametota rubisi, anamtazama. Akageuka. Mlangoni pa jikoni Irakoze alikuwa ameshika sinia lake. Hakulia, hakumwomba. Alimtazama tu.

Basi shemeji yangu akavua kofia, akapanda juu ya kigoda kama vile ni kile kichuguu cha utotoni, na akafungua mdomo.

Mimi ni mzee, nimepita kwenye vita vya watu na radi za Mungu, lakini ukelele ule niliusikia kwa magoti. Mapapai yalianguka, mabichi na mabivu. Baiskeli ya Bigirimana ilikimbia yenyewe mpaka barabarani. Pama la Rwekaza liliruka likatua kwangu, ng'ambo ya uzio, na kuku wangu akalitagia. Ndege wakaondoka wingu zima, na wale waliokuwa wamelewa sana wakaondoka kwa miguu. Mwisho akaondoka tetere mnene. Hakuharakisha. Alimtazama mtu wake kwanza.

Rwekaza akajipapasa kichwa kisicho na kofia.

"Mama," akamwuliza Leonsia, "sauti hii binti ameirithi?"

"Hata kidogo, mkwe."

"Aron, umesikia ukoo unaouingia?"

"Nimesikia, baba mdogo."

"Na bado unamtaka?"

Kijana akaacha viatu, akainua uso. "Namtaka."

"Basi lete mrija, mama. Na mniondolee manyoya upande wangu."

Wakanywa. Irakoze alitolewa kwa muvure wa babu yake, na mpaka leo wanasema Biharamulo kwamba pombe ile ilikuwa na ladha ambayo hawajawahi kuipata tena. Sisi tunaijua ladha hiyo ilitoka wapi, tumenyamaza.

Kesho yake Kazimili akausugua muvure, akateremka kisimani, akamimina, akagonga. Hakuna. Akagonga na kesho yake. Paa tupu, miti mitupu. Kijiji kile kile kilichomcheka kwa kuwanywesha ndege kikamcheka sasa kwa kumgongea mtu asiyekuwepo. "Mzee Kazimili, shikamoo," Bigirimana akamwambia, "labda wana mahari kwao." Hakujibu kwa ukelele. Akachukua kibuyu, akagonga tena. Leonsia akaanza kumletea chumvi kabla hajaiita, na mimi sikupenda.

Ndege walikuwa kwangu. Hawakuwa wameenda mbali, wamevuka uzio tu, wananywa kwenye kigae cha kuku wangu na kunitukana kikiwa kikavu. Nilimwacha Kazimili agonge muvure wake siku kadhaa zaidi, maana nilikuwa sijamaliza kucheka. Kisha nikamwita.

Alisimama kwenye minyaa akamwona tetere wake mnene kwenye kigae changu.

"Shemeji, niruhusu niwaletee maji hapa kwako."

"Utaleta. Lakini kigae ni cha kuku, kuku nao watakunywa. Na mbuzi wangu ana wivu. Na mboga zangu zile zikiona wenzao wanakunywa zitanyauka."

"Nitaleta ya wote."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Na sauti yako utaiacha upande wako."

Ndivyo tulivyo sasa. Mimi sijateremka kisimani tangu siku hiyo. Kabeji zangu zinashindana na mlango kwa upana, mbuzi wangu ananenepa kama mheshimiwa, na kiangazi kikiwa kikali wanawake wanapita wanauliza nani ananichotea, nawaambia nina watu wangu. Asubuhi Kazimili anaingia kwa ncha za vidole, anamimina, anagonga kigae kwa ukucha. Leonsia anavuka uzio naye, anakaa kwenye mkeka wangu na chai yake, anafurahia mume asiye na sauti. Mara nyingine, akishawamiminia ndege, Kazimili anammiminia na yeye kikombe, bila kutazamwa.

Halafu ananigeukia mimi. "Shikamoo, shemeji," ananong'ona, mnong'ono wa kweli, wa kutotingisha hata bawa.

"Sikusikii, Kazimili!" nasema. "Paza sauti!"

Anamtazama tetere. Anatikisa kichwa. Anakuja taratibu, anapiga magoti yake mabovu kwenye mkeka, ananiwekea mdomo sikioni, na kunisalimia upya.